Komeo Upande wa Kushoto

Kambi ya Brandt, Mto Mary
Agosti 8, 1965

Mpendwa Shangazi Thirza,

Shikamoo. Barua yako ya Juni ilinifikia mwishoni mwa Julai, imelowa kona moja lakini inasomeka. Nimefurahi kwamba mguu umepona na paka amerudi. Huku hatujambo. Kiangazi kimekausha njia zote, wageni wanakuja kuwinda, na Bwana Ossie Brandt, mwenye kambi, ameng'olewa jino na fundi wa magari, kwa sababu daktari wa meno yuko mjini Darwin na fundi alikuwa karibu. Felix anakusalimu. Ndiye anayetuongoza kufuata nyayo. Hii ni nchi ya babu zake. Ameniuliza kama ni kweli huko kwenu Moonta hakuna mto. Nikamwambia ni kweli. Amekuhurumia.

Shangazi, nakuandikia kwa jambo la duka lako la bunduki. Unajua mimi hulenga kwa bega la kushoto. Mumeo, Mjomba Garnet, Mungu amrehemu, aliniacha nifanye hivyo tulipokwenda kuwinda sungura, na sungura hawakuwahi kulalamika. Lakini nyati ni kitu kingine. Bunduki ninayotumia ni ya Bwana Ossie, na komeo lake liko kulia kama makomeo yote. Nikishapiga risasi ya kwanza, inanibidi nipitishe mkono wa kushoto juu ya bunduki, nivute komeo la upande wa pili, ganda litoke, risasi nyingine iingie, ndipo nirudishe mkono kwenye kifyatulio. Muda wote huo simwoni nyati. Naona kiwiko changu.

Juma lililopita mgeni alimjeruhi dume mmoja, naye akatugeukia. Nikampiga moja. Nikiwa bado natazama kiwiko, akanipita. Hakunigusa, alinipaka tope tu kwenye shati, kuanzia begani hadi kifungo cha mkono. Felix ndiye aliyemmaliza. Baadaye akaniambia kwa upole, "Clem, unapiga bunduki kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa mwenzake."

Nasikia siku hizi ng'ambo wanatengeneza bunduki yenye komeo upande wa kushoto. Naomba uniagizie moja. Iwe ya risasi nene, ile ya 458, isiwe nyepesi mno, na iwe na vilengeo vya chuma vya kawaida. Darubini sihitaji. Nyati akija, huja karibu.

Mwanao,
Clem


Moonta
Agosti 29, 1965

Mpendwa Clem,

Nashukuru kwa barua. Ilikuwa na makosa manne. Nimeyazungushia mstari mwekundu na nairudisha pamoja na hii ili uyaone.

Mimi ni mzima. Mvua ilipiga paa la kanisa, na sasa tunaimba tukiwa tumebanana upande mmoja kama kondoo. Bibi Rodda, jirani yangu, ana kuku wapya ambao wanataga uani kwangu, halafu anakuja kuyadai mayai kana kwamba niliwaita. Mwambie huyo Felix kwamba tuna bahari.

Sasa hilo ombi lako. Bunduki ya mashoto hakuna. Nimeliendesha duka hili peke yangu kwa miaka miwili, na kabla ya hapo, kwa miaka thelathini, kila nilipotoka kufundisha shuleni nilikaa nyuma ya pazia nikipika chai ya wateja wa Garnet, na sijawahi kuiona wala kuisikia. Hakuna piano ya mashoto, hakuna Biblia ya mashoto.

Zaidi ya hayo, wewe si mashoto. Ulikuwa na tabia hiyo utotoni, ikaisha ukiwa na miaka saba, darasani kwangu, na mwandiko wako ukapata zawadi ya wilaya. Cheti bado kipo ukutani. Mkono uliojifunza kuandika hauwezi kushindwa kuvuta komeo. Unachohitaji ni mazoezi. Chukua ufagio, uinue hadi bega la kulia mara arobaini asubuhi na mara arobaini jioni, huku ukihesabu kwa sauti. Baada ya mwezi niandikie.

Nakutumia soksi.

Shangazi yako,
Thirza


Kambi ya Brandt
Septemba 19, 1965

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na ahsante kwa soksi. Huku ni joto kiasi kwamba hata mbwa hawavai manyoya yao kwa hiari, lakini nimeziweka.

Nimefanya mazoezi ya ufagio. Nimeyafanya kila siku, nikihesabu kwa sauti kama ulivyosema, na wageni wawili kutoka Adelaide wakamwuliza Bwana Ossie kama nimewahi kuumia kichwa. Jana nikajaribu bunduki yenyewe kwa bega la kulia. Tulisimamisha debe kwenye kichuguu hatua hamsini mbele. Nililenga debe. Nikapiga tangi la maji, ambalo lilikuwa upande mwingine kabisa, karibu na jiko. Sasa tunachota mtoni, na mtoni kuna mamba, kwa hiyo mmoja anachota na mmoja anasimama na bunduki, na imeamuliwa kwamba anayesimama na bunduki si mimi.

Tatizo si mkono peke yake. Ni jicho. Jicho langu linalolenga ni la kushoto. Nikiweka kitako cha bunduki bega la kulia, shingo inavuka kitako kizima ili jicho hilo lifike kwenye vilengeo. Bwana Ossie amefikiria njia nyingine. Bunduki ya mitutu miwili haina komeo, haijali mkono, lakini bei yake ni ya nyumba yenye veranda. Ile ya kukoki kwa wenzo wa chini inafaa mkono wowote, ila aliyo nayo yeye hupiga risasi nyembamba, na dume mkubwa akipigwa nayo hukasirika tu. Nimezunguka kote na nimerudi pale pale. Nataka komeo upande wa kushoto.

Kuhusu mwandiko, ndiyo, najua kuandika kwa mkono wa kulia. Unajua nilivyojifunza.

Mwanao,
Clem


Moonta
Oktoba 10, 1965

Mpendwa Clem,

Makosa mawili tu safari hii. Unaendelea vizuri.

Paa limetengenezwa. Bibi Rodda na mimi hatusemezani kwa sababu ya mayai, isipokuwa Jumapili, tunapolazimika kupeana amani. Nimeotesha vitunguu.

Nimeagiza orodha yenye picha kutoka kwa waagizaji wa Adelaide ili nikuonyeshe kwamba kitu unachokitaka hakipo. Orodha imefika. Kwenye ukurasa wa kumi na saba kuna picha ya bunduki yenye komeo upande wa kushoto. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Nadhani picha imechapishwa kinyume.

Nimelifikiria jicho. Ikiwa la kushoto ndilo linaloingilia kazi ya la kulia, dawa ni kulifunika mpaka la kulia lizoee. Nimekushonea kiraka cha kitambaa cheusi chenye kamba. Nilitumia koti la zamani la Garnet, kwa hiyo hakitachuja rangi. Kivae mchana kutwa. Usikivue watu wakikucheka. Mtu akishazoea njia iliyo sahihi, anasahau kabisa kwamba kulikuwa na nyingine.

Shangazi yako,
Thirza


Kambi ya Brandt
Novemba 14, 1965

Shangazi,

Shikamoo. Mawingu yamejaa, na lori la barua likienda kesho halirudi mpaka mvua ziishe. Kwa hiyo nasema yote sasa.

Nilikivaa kiraka. Siku ya kwanza niliingia kwenye mashua ambayo haikuwa pale. Siku ya tatu alifika mgeni wa mwisho wa msimu, Bwana Hallam, muuza majokofu wa Sydney. Aliuliza jicho langu lilikwenda wapi, na Bwana Ossie, kwa kuona aibu kumwambia habari za ufagio na kiraka, akasema lilichukuliwa na mamba. Bwana Hallam akafurahi mno. Akanipiga picha kumi na mbili. Chakula cha usiku alinikatia nyama mwenyewe.

Kesho yake tulikuta nyati kwenye kinamasi. Bwana Hallam akajeruhi dume, ikawa kazi yangu kumaliza. Nikalenga kwa bega la kulia na jicho la kulia, kama ulivyotaka. Nikamkosa, nikampata mwenzake aliyesimama pembeni, ambaye alikuwa mkubwa zaidi na pembe zake ndefu kuliko zote za mwaka huu. Akaanguka papo hapo. Bwana Hallam akanishika mkono akidhani nilikusudia. Nami nilikuwa bado nashikwa mkono aliporudi yule wa kwanza, aliyejeruhiwa, akitokea kushoto. Kushoto, Shangazi. Upande wa kiraka. Sikumwona kabisa. Felix alinirukia akanisukuma majini, akavunjika mbavu mbili kwenye kisiki. Nyati akachukua kiti cha kukunja cha Bwana Hallam kwenye pembe na kwenda nacho. Bado anacho. Wawindaji wa kambi ya jirani wamemwona nacho mara mbili.

Felix amelala zaidi ya wiki mbili bila kucheka, kwa sababu kucheka kunamuuma, na kila mtu anayekuja kumtazama anataka kumsimulia habari za kiti.

Bwana Ossie si mtu mbaya. Ameniambia kwamba Mei, msimu ukifunguliwa, ama nije na bunduki ninayoweza kuipiga mara mbili bila kuua mtu, ama nichukue jiko, maana mpishi ameondoka.

Nakuambia jambo ambalo hatujawahi kulisema. Nilipokuwa na miaka saba ulinifunga mkono wa kushoto kwenye kiti kwa kamba ya joho lako la kulalia, ile ya buluu. Kuanzia Februari mpaka Pasaka. Watoto wengine walikuwa wanakwenda kucheza na mimi nabaki naandika herufi. Mama alikuwa amekufa Desemba. Sikuwa na mwingine wa kumwambia ila wewe, na wewe ndiye uliyekuwa unafunga fundo.

Sikuandikii ili uone haya. Nakuandikia kwa sababu mbavu za Felix zimevunjika. Niagizie bunduki au niambie hapana. Nikiwa mpishi nitakuwa mpishi.

Clem

Usiirudishe hii ikiwa na mistari myekundu.


Moonta
Februari 27, 1966

Mpendwa Clem,

Utausamehe mwandiko. Utaelewa mbele.

Barua yako niliipata wiki ya kwanza ya Desemba. Sikuijibu, na mvua haikuwa sababu, kwa kuwa hata nisingekuwa na mvua ya kusingizia nisingeijibu. Niliiweka nyuma ya saa ukutani. Niliuza baruti na ndoano. Siku ya Krismasi niliitoa, nikaisoma nimesimama, nikairudisha. Siku iliyofuata niliwaandikia waagizaji.

Walileta bunduki mbili katikati ya Januari ili nichague moja, zote za 458, zote komeo kushoto. Picha haikuwa kinyume. Moja ni nyepesi na nzuri kwa macho, kitako cha mti wa jozi. Nyingine ni nzito, mtutu mnene, haina urembo wowote. Sasa, mimi siuzi kitu nisichokijua. Garnet alikuwa hivyo. Nikazipakia kwenye kigari cha mkono nikaenda kwenye machimbo ya zamani ya shaba nje ya mji, Jumanne saa nne asubuhi. Bibi Rodda alikuja kwa sababu alidhani nabeba mayai.

Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kupiga bunduki. Nimeuza mamia. Nilichukua ile nyepesi, nikaiweka bega la kulia kama mtu mwenye adabu, nikapiga. Sikumbuki kuanguka. Bibi Rodda anasema nilirudi nyuma nikiwa nimesimama wima, hatua nne, kisha nikakaa ndani ya kigari. Mfupa wa bega ulivunjika. Alinisukuma kwenye kigari hicho hicho mpaka kwa daktari, katikati ya mji, mbele ya mchungaji, na tangu siku hiyo tunasemezana.

Daktari alinifunga mkono wa kulia kifuani. Wiki sita. Akanipa karatasi ya kutia sahihi, akasema niweke alama yoyote tu. Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto nikaandika jina langu lote. Akalitazama akaniuliza, "Mama, wewe ni mashoto?"

Nikamwambia hapana. Nikafika nyumbani nikakaa.

Clem, nilikuwa na miaka sita. Babu yako alitumia mkanda wa farasi. Ulikuwa na kifungo cha chuma, na wakati wa baridi chuma kilikuwa kinashika ngozi. Nilifungwa mwaka mzima, si miezi miwili. Nilipokufunga wewe nilichagua kamba ya joho kwa sababu ilikuwa laini. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu laini kuliko vyote. Nilijiona mtu mwema.

Hiyo ndiyo habari. Sikupata kuisema vizuri zaidi ya hivyo, na nimeandika mara tatu.

Wiki jana nilirudi machimboni. Bibi Rodda alisukuma kigari. Nilichukua ile nzito, nikaiweka bega la kushoto, mtutu nikaulaza kwenye gunia la mchanga kwa kuwa mkono mmoja hauwezi. Nilipiga debe la mafuta ya taa mara tatu kati ya tatu. Komeo lilikuwa pale pale mkono ulipo. Bunduki haikupiga teke vibaya. Uzito wake unameza teke lenyewe. Ile nyepesi ingekuvunja kama ilivyonivunja, na mtu mwenye maumivu huchelewa risasi ya pili. Nakutumia nzito. Ina ukucha unaoshika risasi tangu inapotoka kisandukuni mpaka inapoingia, hata ukiigeuza kichwa chini. Nimeigeuza. Ina nafasi ya risasi tatu na moja kwenye chemba.

Mwambie Felix samahani. Kiraka nilikishona mimi.

Shangazi yako,
Thirza


Kambi ya Brandt
Juni 5, 1966

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako na sanduku vilifika pamoja kwa lori la kwanza, tarehe tisa Mei. Bega linaendeleaje? Huku mvua zilichukua choo na nusu ya jiko. Mbavu za Felix zimeunga, anacheka tena, na amedai tumsimulie upya kila kitu kilichochekesha alipokuwa amelala. Imechukua siku mbili. Samahani yako nimemfikishia. Amesema yeye pia amewahi kufundishwa na walimu, huko misheni.

Nilisoma barua kwanza. Sanduku nililiacha limefungwa mpaka kesho yake.

Sikujua habari za mkanda. Ungeniambia nikiwa mtoto ningeelewa, nadhani. Au nisingeelewa. Hasira nilikuwa nayo nyingi wakati wa mvua, nikiwa nimekaa chini ya turubai bila kazi. Sasa imepungua. Ikibaki kidogo nitakwambia, sitaificha.

Siku ya pili ya msimu tulikwenda na wageni wawili kwenye magugu marefu ya upande wa mashariki. Dume mmoja alitoka hatua ishirini, peke yake, hakuna aliyekuwa amemgusa. Alikuwa na sababu zake. Nikampiga kifuani. Hakusimama. Mkono wangu ukavuta komeo na kulirudisha, na jicho langu halikutoka kwake hata kidogo. Shangazi, nimefanya kazi hii miaka mitano na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona nyati akija tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwona tope la pua. Nilimwona nzi. Risasi ya pili ilimpata akiwa hatua saba, akapiga magoti, akalala. Niliweka ya tatu ndani bila kujua nimeiweka.

Kisha nikakaa chini. Felix akakaa karibu yangu, akawasha sigara yake, akasema, "Leo ulikuwa na funguo zako."

Bwana Ossie aliiazima kesho yake ajaribu. Alipiga moja, akaanza kupapasa upande wa kulia, akapapasa tena, akaigeuza, akarudi nayo kambini akaniambia bunduki yangu imeharibika. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo nilivyoishi mimi. Akasema kumbe ni taabu. Tangu hapo anapika yeye, kwa kuwa hakuna mpishi na mimi sina nafasi. Hakuna anayemsifu.

Mwandiko wako wa kushoto ni mzuri kuliko wangu wa kulia. Sikuona kosa hata moja.

Mwanao,
Clem


Moonta
Juni 26, 1966

Mpendwa Clem,

Bega limepona, ila halipendi baridi. Kalamu nimeendelea nayo upande huu huu. Kwenye kamati ya akina mama wa kanisa waliniuliza kama nimepata kiharusi. Nikawaambia nimepona kimoja.

Cheti cha wilaya nimekishusha ukutani. Mahali pake pamebaki doa jeupe, na kila mteja analiuliza. Clem, nilikukosea. Nimeona nililizungukia neno hilo kwenye barua ya Februari, nikajaza karatasi nne kwa habari za vigari, nikatia sahihi bila kuliandika. Sasa nimeliandika.

Duka atalishika Bibi Rodda, anajua hesabu na anaogopwa. Nimenunua tikiti ya basi mpaka Alice Springs na nyingine mpaka Darwin. Ile bunduki nyepesi haikununuliwa na mtu, kwa hiyo nimeitia vipande vya madini ya risasi ndani ya kitako mpaka ikawa nzito inavyotakiwa, na nimeifunga kwenye blanketi. Nataka unifundishe kupiga nikiwa nimesimama. Kukaa najua.

Mwambie Bwana Brandt situmii pilipili. Nitakaa mwezi mmoja. Kama hutaki nije, niandikie. Ila barua kutoka kwako inachukua siku kumi na nne, na mimi naondoka Jumatano ijayo.

Shangazi yako,
Thirza